Kauli ya Kutendwa

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Duluth.
Theluji imefika dirisha la ghorofa ya chini
na mimi, mshonaji wa mavazi ya jukwaani,
nimevaa koti jeupe la kuazima
lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.
Nani alikishona? Hilo ndilo lililonishughulisha
wakati Dk. Pelkonen akieleza habari za asidi.

Chuo kimesema: hupati shahada ya sanaa
mpaka upitie maabara moja.
Nikachagua biolojia
kama mtu anavyochagua jino la kung'olewa.

Mwenzangu mezani, Solveig Tollefsrud,
anasomea uuguzi. Hadubini aliibeba
kama mtu anavyombeba paka wake,
mkono chini ya tumbo, bila kufikiri.
Mimi nilizungusha skrubu
hadi slaidi ikaalika, ikawa mbili.
"Ya kwanza," akasema Pelkonen, akaandika daftarini.

Wiki ya pili, kitunguu.
Kubandua kile kiganda chembamba, hapo nilijidai kidogo:
ni bitana tu, na bitana nimeshabandua
makotini mwa wafalme watatu.
Tone la iodini. Kioo cha kufunikia.
Nikachora duara lenye ukingo mweusi,
nikalitia kivuli kwa penseli nusu saa nzima,
nikaandika chini: SELI.
Pelkonen akainama, kalamu sikioni.
"Bi Kuzma," akasema taratibu, "hicho ni kiputo cha hewa.
Ila sijaona kiputo kilichochorwa vizuri hivi."
Solveig alicheka hadi miwani yake ikaingia ukungu.

Ripoti ya kwanza ilirudi ikivuja wino mwekundu.
Nilikuwa nimeandika: Nilikata. Niliogopa.
Nilimwonea nyungunyungu huruma.
"Jiondoe," aliandika pembeni.
"Hatumhitaji aliyeshika kisu.
Andika: alikatwa. Alipimwa. Ilionekana."

Basi nikajifunza ile *w* ndogo
inayoingia tumboni mwa kitenzi
na kumtoa mtu kwa mlango wa nyuma.

Nyungunyungu alipasuliwa.
Pini zilichomekwa, kumi na nne.
Mioyo ilihesabiwa, jozi tano.
Haikuandikwa kwamba mkono ulitetemeka,
wala kwamba mkasi ulipoanza kufuata mgongo
mkono ulitulia wenyewe, ukakumbuka kazi yake:
usivute, usikaze,
acha kitambaa kikuambie nyuzi zimelalaje.
Solveig, atakayewafunga watu majeraha,
alikuwa ameugeukia ukuta.
"Endelea wewe," akanong'ona. "Damu sawa. Minyoo, hapana."
Nikaendelea.
*Iliendelewa*, nadhani, ndivyo inavyoandikwa.

Mwisho wa Machi, barafu ikipasuka ziwani
na meli ya kwanza ya madini ikipiga honi chini ya daraja,
tukapewa vijiti vya meno.
Kwangua ndani ya shavu. Paka kiooni. Tia rangi ya buluu.
Nilizungusha skrubu kama mtu
anayeogopa kuamsha nyumba.
Kwanza kope yangu mwenyewe.
Kisha kiputo; huyo tunafahamiana.
Kisha, pembeni kabisa, vipande vya buluu vilivyokunjamana,
viraka vilivyokatwa bila rula,
kila kimoja na kifungo chake cheusi katikati.

Nilitaka kumpigia mama kule Hibbing,
aliyenipa shavu lenyewe.
Nikachukua penseli.

*Seli zilichukuliwa shavuni.
Zilitiwa rangi. Zilichunguzwa kwa ukuzaji wa mara mia nne.*
Nikarudi juu, penye nukta ya kwanza.
Shavuni mwa nani?
Solveig alikuwa ameshaanza kuosha vioo.
Nikabana neno moja kabla ya nukta,
herufi ndogo kama mshono wa ndani:
*mwangu*.

Pelkonen alikata nusu alama.
Neno hakulifuta.

Siku ya mwisho makoti yalirudishwa,
yakahesabiwa, yakatiwa sandukuni.
Kile kifungo, kilichokuwa kimeanza kulegea,
kilikazwa,
kwa uzi wa kijani.