Mchanga wa Mifukoni

Miaka kumi na mmoja nafua nguo za watu
kwenye gesti ya Mama Ndekirwa, njia ya Rau.
Wanaotoka mlimani nawajua kwa vumbi jeusi,
soksi zimesimama zenyewe kama mbao.
Wanaotoka kisiwani nawajua kabla sijalowesha:
nageuza mfuko wa suruali
na mchanga unamwagika, mweupe, laini kuliko sembe.

Mara ya kwanza niliufagia.
Mara ya pili nikautia kwenye kopo la Blue Band.
Sasa kopo limejaa, nami nina arobaini na minane,
na ulikotoka sijakuona.

Nimechagua Mafia.
Unguja kila mtu amekwenda, hata mchungaji wetu.
Nimenunua daftari, naandika kwa penseli, maana mipango hufutika:
nauli ya basi hadi Dar, gari hadi Nyamisati,
nauli ya boti, chumba siku nne, chai juu yao.
Kurudi nilikusahau,
mpaka Eliufoo aliposoma akauliza kama nahamia huko.

Eliufoo ni mtu wa mlima. Maji anayoyajua
ni ya mfongo, yanayopita shambani kwa zamu,
Jumanne yetu, Jumatano ya kina Massawe,
maji yenye adabu: ukiyafungulia yanakuja,
ukiyaziba kwa tope na magome ya mgomba yanageuka.
"Hayo ya huko," akaniuliza, "zamu ni ya nani?"
Nikamwambia, ya mwezi.
Akanyamaza, akatazama dari.

Kila ninayemwambia ananitafutia shughuli.
"Mmefiwa?" "Kuna harusi?" "Mtoto wa dada yako kapata kazi huko?"
Hapana. Tunakwenda tu.
"Mnakwenda tu kufanya nini?"
Neno likizo nilidhani ni la walimu.
Hata kulitamka nageuka nyuma kwanza.

Na Desemba, jamani! Desemba Mchaga anarudi nyumbani,
magari foleni toka Dar kuja kwetu,
ndafu, mbege, watoto wa mashemeji wamelala msalaba kwenye mkeka,
na sufuria zote ni zangu.
Safari hii wao wakipanda, sisi tutakuwa tunashuka.
Mama mkwe amesema nirudie, hakusikia vizuri.
Nimerudia.
Bado hajasikia.

Jumamosi nilikwenda Kiboriloni, kwenye mitumba,
nikachambua vazi la kuogelea, la bluu, elfu nne.
"La binti yako?" akauliza muuzaji.
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, binti mwenyewe sina.
Ndani ya shingo pameshonwa jina la mwanamke,
herufi zimenishinda kutamka.
Usiku nikatia komeo, nikalivaa.
Kioo chetu ni kidogo, kinaonyesha vipande:
bega, kisha tumbo, kisha goti
lenye kovu la mundu wa kukatia majani ya ng'ombe.
Eliufoo alikuwa amekaa kitandani, akaviona vipande vyote pamoja.
"Utaona baridi," akasema,
akaanza kutafuta taulo.

Ng'ombe atamwangalia kijana wa jirani, kwa kilo tatu za sukari.
Hilo limekwisha, nimelipigia mstari.
Kopo sijaamua.
Nimeliandika chini kabisa, na alama ya kuuliza:
kuurudisha mchanga kwao,
au kuuacha hapa, usije ukanisuta
kwamba nilikuwa nao miaka yote?

Asubuhi hii mlima umejifunua wote, mpaka kipara.
Nimeanika shuka nane, suruali za Wajerumani, fulana,
na katikati ya fulana, kwa vibanio viwili, lile la bluu.
Mama Ndekirwa akapita akihesabu kamba kwa kidole
kama afanyavyo kila siku. Akasimama.
"Hili la chumba namba ngapi?"

Nikatoa kibanio mdomoni
ili nimjibu vizuri.