Basi la Jumanne

Kutoka shule yetu hadi chuo ni kilomita kumi na mbili.
Kutoka chuo hadi kiwanda, tisa.
Nimezipima mwenyewe, kwa gari langu, kwa petroli yangu,
Suhar yote imefumba madirisha kwa joto la Juni.
Barabara ipo, tena pana, na taa zake.
Njia ndiyo haikuwepo.

Nilianza na Muhanna,
maana kila nikienda kumwona dadake
namkuta sebuleni, chini ya cheti chake.
Cheti kina fremu ya dhahabu. Mama yake hukifuta vumbi
kila Ijumaa, kabla hajafuta runinga.
Miaka mitatu. Kijana anajua saa za adhana,
saa za mechi, na saa ambayo babake
huacha kumtazama usoni.

Kiwandani nikamuuliza mhandisi Yarub: mbona hamkumtaka?
"Mwalimu, tulimpa spana, akaishika kama kalamu."
Chuoni Daktari Ghalia akasema,
"Mashine zetu ni za zamani. Za sasa ziko kwao,
nao hawajatuita hata siku moja."
Na shuleni? Shuleni ni mimi.
Mimi niliyemwandikia "hodari sana" kwa wino mwekundu
nisimuulize hodari wa nini.

Basi nikawaita. Mwezi mzima wa simu.
Wakaja, wakakaa mbalimbali kama mawifi walionuniana,
hotuba zikaenda mpaka kahawa ikapoa.
Ndipo nikakumbuka la mama, mzaliwa wa Wete,
aliyepika kwa kuni uani kila sikukuu
mpaka Suhar ikamzika:
figa moja haliinjiki chungu.
Nitalisemaje kwa Kiarabu,
kwa watu waliokulia jiko la gesi?
Nikatwaa finjani moja, nikaweka sahani ya halua juu yake.
Sahani ikalala upande.
Nikaongeza ya pili; ikanesa,
Yarub akanyoosha mkono kuidaka.
Ya tatu aliisogeza yeye mwenyewe.
Hakuna aliyecheka. Daktari Ghalia akamega halua.

Mkataba: kurasa saba, mihuri mitatu,
mwaka mmoja tu, "kwa majaribio".
Kila Jumanne wasichana ishirini,
asubuhi chuoni, mchana kiwandani.
Nilitafuta ndani yake jina la mtoto hata mmoja.
Sikuliona. Nikaandika kwa penseli,
pembeni, ukurasa wa nne: Wadhha.

Wadhha binti Azzan, dadake Muhanna,
aliyefungua kiyoyozi cha darasa mwaka jana
kwa sarafu ya baisa hamsini,
nami nikampa adhabu.
Jumanne ya kwanza kofia ngumu ilimmeza mpaka nyusi.
Fundi Govindan, miaka thelathini kazini na cheti hana,
alimwekea kampresa mbovu, akasema, "Isikilize kwanza."
Akainamisha sikio. Sote tukanyamaza,
hata mimi nisiyejua ninachokisikiliza.
"Beringi," akasema Wadhha.
Fundi hakumsifu. Alimpa spana.

Si wote. Wawili waliacha wiki ya tatu.
Baba mmoja alinambia hakumzaa mwanawe
aje apakwe grisi.
Sikuwa na finjani za kumjibu.

Jana basi liliposimama kwao
Muhanna alitoka mpaka kizingitini,
kanzu imepigwa pasi, miguu mitupu.
"Mwalimu," akasema, macho kwenye gurudumu,
"basi hili lina umri wake?"

Dereva akapiga honi.
Nilikuwa na zile kurasa saba mkobani.
Nikazipekua zote, palepale juani.