Sekunde Mbili

Mwanangu alinilipia kebo, picha kali kama wembe,
ila huchelewa kufika.
Eduvigis, upande wa pili wa ukuta, ana antena tu,
waya wa kutundikia koti alioukunja mwenyewe,
naye huona kila kitu sekunde mbili kabla yangu.

Basi tangu Machi, hapa Valparaíso, saa nne za usiku,
nalijua pigo kabla halijatua:
"Mjinga wewe, usiifungue!" Na kweli,
Ximena anaifungua ile barua.
Akicheka, naweka kikombe chini nisije nikapaliwa.
Akinyamaza, nashika leso.

Hatujawahi kukaribishana chai.
Tulikosana kwa ajili ya paka, mwaka gani sijui.

Jumanne wamemchukua kwa machela, kavunjika nyonga.
Usiku huu daktari wa tamthilia anavua miwani,
anavuta pumzi,
na ukuta kimya.
Sijui nilie au nisubiri.

Nimeandika yote nyuma ya bili ya gesi:
nani kafa, nani kajifanya kafa,
pete ilikuwa ndani ya unga.
Kesho, saa za kuona wagonjwa, nampelekea.
Safari hii, Eduvigis,
mimi ndiye niliyetangulia.