Usikubali "Sijambo" ya Kwanza

Ukurasa wa kwanza nimeuandika mara sita.
Kirita anasema, andika tu: chombo hiki hupima afya ya huduma.
Kila dakika kinabisha hodi.
Ikiitika, ni nzima. Isipoitika, piga simu.
Mistari miwili, twende tukanywe chai.

Lakini mimi nimelelewa Kibosho, na bibi
ambaye maumivu yake yalikaa nyuma ya salamu.
Hujambo, bibi? Sijambo.
Umeamkaje? Salama.
Na mguu?
Hapo ndipo anavuta kigoda,
anaifunika goti kanga, anasema,
aa, mguu.

Seva yetu ina tabia za bibi.

Jumatatu ile ya masika chombo kilibisha, ikaitika.
Kikabisha tena, ikaitika.
Taa ya kijani usiku kucha
juu ya duka la vipuri, mtaa wa Mawenzi,
nasi tukalala usingizi wa watu wasiodaiwa.
Kumbe tangu Ijumaa hapakuingia habari mpya hata moja.
Kosta ya Tarakea ilikuwa gereji, Pasua,
giaboksi imeshushwa chini, imelazwa juu ya gunia,
na kwenye ramani yetu ilikuwa inakuja,
dakika nne, inakuja,
dakika nne, inakuja,
dakika nne kwa siku tatu.

Muuguzi mmoja, jina aliomba nisiliandike,
aliisubiri Himo tangu saa kumi na moja alfajiri,
mvua inamtiririka kwenye mkono ulioshika simu.
Alikuja ofisini wiki ile ile. Hakufoka.
Aliiweka simu mezani, kioo kikinitazama mimi, akauliza:
Hii hupimwa na nani?

Kwa hiyo soma hivi, wewe utakayekikuta chombo hiki
mimi nikiwa nimeshaondoka.

Swali la kwanza ni: Upo?
Jibu lake pokea, ila usiliamini peke yake.
Swali la pili: Mara ya mwisho uliambiwa nini, na lini?
Zikipita dakika tano, washa njano,
hata kama inatabasamu.
Swali la tatu linaichosha seva, liulize kila robo saa:
chagua basi moja, lolote,
uangalie kama limesogea.
Basi lisilosogea huku likidai liko safarini
ama ni uongo
ama ni foleni ya mizani pale Njia Panda.
Tofautisha.
Namna ya kutofautisha siijui.
Nimeandika hivyo ili usidhani ninaijua.

Kirita amesoma. Ndefu mno, anasema,
mafundi hawasomi, wanatafuta amri ya kunakili.
Amefuta neno "inatabasamu".
Nimelirudisha.

Kwetu mtu akikosa haendi mikono mitupu kuomba radhi,
huchuma jani la isale uani, akalitanguliza.
Isale haioti kwenye mwongozo.
Nina kipengele cha tisa, Makosa Yanayojulikana,
na kosa la kwanza nimeliandikia tarehe,
saa, kituo,
na kwamba mvua ilikuwa inanyesha.
Kirita akauliza, mvua inamsaidia nini fundi?
Nikasema, acha ikae.

Saa mbili usiku umeme ukakatika mji mzima,
Majengo mpaka Soweto.
Taa ya kijani ikazimika pamoja na chombo chake,
na kwa mara ya kwanza tangu kifungwe
hakuna aliyemuuliza mwenzake hali.
Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta kalamu ya kawaida,
nikaongeza kwa mkono, chini kabisa, pembeni:

Na chombo chenyewe je?
Kiulizwe na mtu.
Kila asubuhi, kwa mdomo,
kabla ya chai.