Zamu ya Akelo

Kutwa niliwinga ndege mpungani Ahero,
kwa kopo, kwa kombeo, kwa koo hili
lililokauka kama jaruba lililonyimwa maji.

Jioni nikapita kanisani kufagia.
Zamu ilikuwa ya Akelo; ana mtoto mchanga.

Nikaketi benchi la nyuma, ufagio magotini.
Sauti ya kuomba sikuwa nayo.
Bwana, nikasema kwa midomo tu,
deni la mbolea unalijua.

Ndipo akaingia mmoja, mdogo,
kwa dirisha lisilo na kioo,
akatua mezani pako,
akadonoa punje zilizosalia
za sadaka ya Jumapili.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Ukashuka.

Hapa silindi mimi.
Kumbe hata mimi
niliingia, na hakuna aliyeniwinga.