Mazuku ya Kununua

Ilikuja kila Alhamisi juu ya chukudu,
ndani ya kasha la povu lililokazwa kwa kamba za katani,
Semivumbi akiisukuma kupanda Kyeshero
jasho likimtiririka juu ya baridi asiyoruhusiwa kuigusa.
Mpakani waliipima: kilo ishirini.
Mlangoni kwangu niliipima: kumi na sita.
Nani kala nne? Si afisa, si dereva.
Barafu kavu haiachi hata tone,
huondoka tu, kama mgeni asiyeaga,
na risiti hubaki na uzito wake wote.

Nilikuwa naihitaji.
Pareto ya Masisi, maua makavu, gunia kwa gunia,
naloweka katika alkoholi mpaka igeuke rangi ya chai ya jana.
Dawa ya kunguni imo humo, ya chawa, ya viroboto,
lakini imo pamoja na nta, na nta ni king'ang'anizi:
huziba chujio, haikubali talaka
mpaka uitie baridi ambayo Goma haijapata kuiona.
Hapo huganda, huwa nyeupe,
hushuka chini taratibu
kama mtu aliyekiri kosa.

Karakana yangu iko chini, ngazi tatu kutoka barabarani;
lava ya juzi ndiyo sakafu, lava ya zamani ndiyo ukuta.
Moshi mweupe ulifurika ukingoni mwa beseni,
ukatambaa, ukatafuta bonde kama maji.
Niliutazama nikaufurahia.
Mimi, mzaliwa wa hapa,
niliyefundishwa kabla ya kujua kuhesabu
kwamba alfajiri hushuki shimoni kumfuata mbuzi,
kwamba mbuzi akilala humo humwamshi,
kwamba mazuku hayana harufu, hayana kishindo,
na huwafikia wafupi kwanza.

Mfupi wa siku ile alikuwa Nsimire.
Aliinama kuokota faneli.
Hakuinuka.
Tulimburuta ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
visigino vyake vikigonga lava,
hadi akakohoa, akafumbua macho, akaniuliza
kama faneli imevunjika.

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu:
nimekuwa nikinunua, kwa dola, kutoka nchi ya jirani,
pumzi ileile ambayo ardhi yetu
hutuua nayo bure.

Ndipo nikamwendea Ngulumira wa Birere,
anayefufua friza za wauza nyama.
Aliunga motori mbili, moja ikiipoza nyingine,
akazungusha koili ya shaba kama utumbo wa kondoo,
akaniambia, “Mama, hii haina mbio.
Ulichokifanya kwa nusu saa, itakifanya kwa nne.
Lakini haitakunyemelea.”
Kweli hainyemelei. Inanguruma, inatetemesha vikombe,
jirani amekuja mara mbili kulalamika.
Sindano ya kipimo hushuka kwa uvivu:
sifuri, kumi chini, ishirini chini,
na hapo kwenye thelathini na tano hugoma kabisa.
Nta ile ya mwisho, nyembamba kama utando wa maziwa,
bado hunishinda. Nachuja mara mbili, natukana kidogo.

Umeme ukikatika saa tisa za usiku
kimya ndicho huniamsha.
Nashuka na tochi, nasimama ngazi ya tatu
kwa mazoea, nikivuta hewa kwanza,
kisha naitazama nta ikirudi kuyeyuka ndani ya kazi yangu,
siku nzima ikijifuta polepole.
Kesho tena.

Semivumbi alipita wiki iliyopita.
Hakuuliza habari za mtambo, aliusikia tangu njiani.
Alisema tu, “Na Alhamisi yangu je?”
Sikuwa na jibu. Nikampa lile kasha.
Nasikia sasa anabebea sambaza,
na kwamba harufu ya samaki imelikubali haraka,
na kwamba anapolifungua sokoni
bado hurudisha uso nyuma, kidogo,
kabla ya kuingiza mkono.