Ngazi ya Pili, Kushoto

Daktari wa Uplands aliandika kwa wino mweusi:
chumvi, punguza.
Shaali akaikunja karatasi mara nne
akaitia mfuko wa shati la kazi
pamoja na tiketi kuukuu na peremende.
Miaka kumi na tisa anaendesha basi la ufukweni hapa Swansea,
hajapitiliza kituo hata kimoja,
lakini mbele ya kichupa cha chumvi
breki hana.

Basi nikapanda.
Shamba sina. Nina ngazi tano za zege nyuma ya nyumba,
makopo ya rangi, ndoo yenye ufa,
na sinki la udongo ambalo Glenys, jirani, alikuwa analitupa.
Sinki nikaupa mnanaa, uwe peke yake,
maana mnanaa hauna haya:
ukiukaribisha barazani jioni
asubuhi unaukuta chumbani.
Kotmiri ilinigomea mara mbili.
Mara ya tatu ikaja yote kwa mpigo,
kama wageni wa harusi walioalikwa saa nane
wakafika saa kumi, na watoto wao.
Zaatari haikuomba kitu. Ilikaa kwenye kopo lake
ikaivumilia mvua ya Wales, ikanyamaza.

Mrehani ndio ulionitia aibu.
Kwetu Pangani mrehani hauliwi.
Unafungwa na asumini kwenye kikuba,
unalala kifuani mwa bibi harusi
mpaka unyauke kwa joto lake.
Glenys aliposema, weka kwenye nyanya,
nilimtazama kama aliyeniambia
nimimine marashi kwenye mchuzi.
Nikajaribu kwa siri, mchana, nimesimama:
nyanya moja, jani moja, tone la mafuta.
Nikatoka kuchuma la pili.
Mama, nisamehe.
Nikachuma na la tatu.

Sasa ni Julai.
Saa tatu usiku, na jua bado liko juu ya mapaa,
halijafundishwa maana ya neno usiku.
Mlango wa nyuma wazi. Nyuki mmoja, mchelewaji,
anakagua maua ya zaatari kama karani wa forodha.
Mezani: viazi vidogo na maganda yake,
vimechemka na kijiti cha mnanaa.
Vibua viwili vya sokoni, migongo ya milia,
nimevichanja, nimevipaka ndimu na zaatari,
vimechomwa mpaka ngozi ikalia.
Mtindi, tango, kotmiri.
Hakuna aliyekesha na sufuria.
Hakuna aliyekuna nazi.

Shaali akakaa, sare bado mwilini.
Mkono ukatangulia kukitafuta kichupa,
ukapapasa meza, ukapapasa,
ukakuta ndimu.
Akala kimya. Kichwa cha kibua akakinyonya mara mbili.
Hakusema kitamu; si mtu wa kusema hivyo.
Aliuliza: umetia nini humu?
Nikamjibu: ngazi ya pili, kushoto.

Jana nimemkuta mwenyewe huko nje,
soksi tu miguuni, mkasi wangu wa kushonea mkononi,
ameliinamia sinki anaunong'oneza mnanaa
kama vile unadaiwa nauli.
Presha imeshuka. Kidogo; tusijisifu.
Anasema abiria mmoja, bibi kizee wa Mumbles,
alipanda, akasimama, akavuta pumzi,
akauliza basi hili limepitia bustani ya nani.
Shaali akaficha vidole chini ya usukani.

Najua Oktoba itakuja na baridi yake ya asubuhi
na mrehani utakuwa wa kwanza kuanguka, mweusi, kama uzi uliochovywa.
Sijaanika chochote. Sina hamu ya kuanika.
Leo yupo mlangoni, anacheka na kitu,
amekata kishada kirefu kupita haja
akakichomeka kwenye ukingo wa ushungi wangu, juu ya sikio.
Nikamwambia: we bwana,
hicho kilikuwa cha nyanya za kesho.
Nikakiacha hapo hapo.